Jinsi Tux alivyoacha kurukia watu (karibu wote)

Najua nimekuwa mitini kwa miezi kadhaa, na wawili watatu wameniandikia kuuliza ile makala niliyoahidi kuhusu kuhifadhi nakala za data itatoka lini. Itatoka. Leo naomba mnivumilie niandike kuhusu mbwa. Msiondoke bado: ndani yake kuna vihisi, msimbo, lahajedwali na hitilafu moja iliyonichukua miezi kuigundua. Kila anayeandika programu anajua hitilafu za aina hiyo hupenda kujificha wapi.

Mbwa mwenyewe anaitwa Tux. Ni mweusi mwenye kifua cheupe, na siku ya kwanza alipoletwa alikaa kwenye kona ya jikoni, kitumbo mbele, kama yule pengwini wa Linux. Ningempa jina gani jingine? Watoto wanamwita Takisi. Mama yangu, ambaye hajawahi kusikia habari za Linux na hana mpango wa kusikia, anamwita Teksi. Mbwa anaitikia yote matatu.

Tulimpata Agosti 2024 kwa mzee mmoja anayeishi nje kidogo ya mji wa Kajiado. Huyu mzee ndiye aliyetuuzia ploti yetu hapa Kitengela, upande wa Noonkopir, kisha akahamia kusini ambako mbuzi wake bado wana pa kukanyaga. Tumebaki marafiki. Jike lake lilizaa, akanipigia simu: njoo uchukue mlinzi. Nikarudi na mlinzi ndani ya katoni ya maziwa, akitetemeka.

Alipofika miezi minane alikuwa na kilo kama 22, miguu mirefu, na tabia moja tu mbaya. Hakuuma. Hakutafuna viatu (alitafuna waya mmoja wa kuchajia, nikamsamehe kwa kuwa ulikuwa wa bei rahisi). Shida ilikuwa kwamba akimwona mtu, mtu yeyote, alikimbia na kumrukia kifuani kwa miguu miwili ya mbele, ulimi nje, akilenga uso.

Kuna sababu wanafanya hivi. Kitoto cha mbwa humlamba mama yake pembeni mwa mdomo, na kwa jamaa zao mbwamwitu mzazi aliyerudi kutoka mawindoni hulambwa hivyo hivyo mpaka atapike nyama kidogo kwa ajili ya watoto. Ni salamu na ni ombi la chakula kwa wakati mmoja. Sasa mdomo wa binadamu uko juu, futi tano au sita kutoka chini. Mbwa atafanyaje? Anaruka. Kwake yeye ile ni adabu.

Ila Kitengela siyo mahali pa kuwaeleza watu hayo. Kwanza kuna udongo. Aliyeishi hapa anaujua huu udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi ikinyesha. Mbwa akikurukia mwezi wa Aprili, hiyo nguo umeiaga. Pili kuna kichaa cha mbwa. Watu wengi tumekua tukimfahamu mtu au tukisikia habari za mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo, na Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kuumaliza ifikapo 2030, kwa hiyo kazi bado. Tux amechanjwa, kadi yake iko kwenye droo. Lakini mtu anayekuja getini haoni kadi, anaona meno. Sikuwahi kumlaumu mtu aliyepiga kelele. (Na kama mbwa yeyote akikukwaruza kwa jino, hata kidogo: maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.)

Tukio la kwanza lililonipa aibu ya kweli lilikuwa Februari 2025. Jirani yetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa akipita kwenda kuswali magharibi, amevaa kanzu nyeupe. Geti lilikuwa wazi kwa sababu nilikuwa nikiingiza gari. Tux akatoka kama risasi. Nyayo mbili za matope kifuani, na mate juu yake. Nguo chafu ilikuwa nusu tu ya tatizo. Kwa madhehebu yake mate ya mbwa ni najisi, sehemu iliyoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Swala ya jamaa ikampita. Hakunigombeza. Alisema tu, "Jirani, huyu mnyama ni wako lakini njia ni yetu sote," akarudi nyumbani kwake. Ningependelea angenitukana.

Basi nikafanya kile ambacho mtu wa kazi yangu hufanya akiona aibu. Nikaenda Luthuli kununua vifaa.

Nilinunua kidhibiti kidogo cha ESP32, kihisi cha MPU-6050 kinachopima mwinamo na mwendo, betri na kikengele kidogo cha umeme. Nikavishonea vyote kwenye ukanda wa begi la zamani la shule ukamkaa Tux mgongoni. Wazo lilikuwa hivi: akiinua kifua kupita kiwango fulani kwa ghafla, kikengele kinalia, anashtuka, anashuka. Nilitumia wiki tatu za jioni. Nilirekebisha viwango ili kisilie akipanda ngazi. Niliandika sehemu ya kutuma kila tukio kwenye seva yangu ya nyumbani ili nipate grafu. Grafu ilikuwa nzuri sana. Bado ninayo.

Siku ya kwanza alishtuka akakaa chini, nikashangilia peke yangu kama mwehu. Siku ya pili aliruka, kikalia, akageuza kichwa kukitafuta. Siku ya nne nilimkuta nyuma ya nyumba, hakuna mtu, anarukia tangi la maji. Anaruka, kinalia, anatikisa mkia. Anaruka tena. Nilikuwa nimemtengenezea mwanasesere.

Nilipaswa kujua, maana somo hili lilifundishwa hapa hapa kwetu. Mnamkumbuka Richard Turere, yule kijana wa huku karibu na mpaka wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, upande ambao hauna ua na simba huvuka watakavyo. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED akaeleza alivyozuia simba wasile ng'ombe wa baba yake. Kabla ya taa alijaribu moto, haukusaidia. Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba walikuja, wakaiona, wakaondoka. Usiku wa pili wakaona haisogei, wakaingia wakaua. Kilichofanya kazi ni taa zinazowaka moja baada ya nyingine, kwa betri ya gari, paneli ya jua na kile kifaa cha pikipiki kinachomulikisha taa za kukata kona, hata simba akadhani kuna mtu anatembea na tochi. Sanamu iliwashinda simba usiku mmoja tu. Kikengele changu hakikumaliza hata usiku huo. Lakini badala ya kukiacha nikaanza kukiboresha. Nikasema labda mlio ubadilike badilike.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, asubuhi baada ya mvua. Mama yangu, ambaye ana miaka 73 na anaishi nasi, alikuwa akitoka kwenye kibustani chake cha sukuma wiki na fungu mkononi. Mimi nilikuwa barazani, kompyuta mapajani, nikihariri msimbo wa kile kikengele. Sikuinua macho hadi niliposikia. Tux alimrukia kutoka ubavuni, kwa mapenzi yote ya duniani, na mguu wa mama ukateleza kwenye ule udongo. Aliangukia mkono. Mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia ulivunjika.

Hospitalini, mkono ukiwa kwenye plasta, alisema, "Si kosa lake, bado ni mtoto." Alikuwa anamtetea mbwa. Na aliporudi nyumbani hakutoka nje tena. Hakusema anaogopa. Alianza tu kumtuma mjukuu: nenda kaniangalizie sukuma, nenda kanianikie hii kanga. Kiti chake kikahamia dirishani. Wiki mbili baadaye sukuma zilikuwa zimetoboka kwa wadudu, kwa sababu mjukuu ana miaka minane na anachuma majani akiwa anakimbia.

Nilihesabu zile jioni za wiki tatu. Kama ningezitumia kumfunza mbwa, hilo wazo bado linanijia usiku.

Mke wangu hakupandisha sauti. "Baba Watoto, huyu arudi alikotoka." Sikuwa na hoja. Jumapili nikampakia Tux nyuma ya gari, nikashika barabara ya Namanga. Kutoka Kitengela hadi Kajiado ni kama kilomita 50, unapita Isinya, tambarare kushoto na kulia, na mbwa wangu kichwa nje ya dirisha akifurahia safari ambayo haijui.

Mzee alitupokea kwa chai. Nikamweleza.

"Amekula mtu?" akauliza.

"La, Mzee. Anarukia watu. Amemwangusha mama yangu, amevunjika mkono."

"Pole. Pole sana. Na mama, anakula vizuri?"

Tukazungumza kwanza habari za mama, kama inavyopasa. Kisha nikamfungulia Tux, naye akafanya lile lile, akamwendea Mzee mbio. Mzee hakupiga kelele wala hakuinua fimbo. Aligeuza bega, kama mtu anavyolikwepa vumbi, akaendelea kunieleza kuhusu mifugo aliyopoteza katika ule ukame uliokwisha mwaka 2023. Tux akaruka tena, akakuta mgongo. Mara ya tatu alikuta mgongo. Akasimama na miguu yake minne, akamtazama, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Wakati huo wajukuu wa Mzee walitokea kuchota maji, watoto wanne. Kila mmoja alikuja akainamisha kichwa mbele yake, naye akawawekea kiganja utosini mmoja mmoja. Kisha wakaja kwangu, vichwa vimeinama. Wamaasai husalimiana hivyo, mtoto kwa mkubwa, na mimi nimeishi nao miaka yote hii nikiguswa na jambo hilo bila kulifikiria.

Mzee akaonyesha kwa kidevu. "Mtoto akizaliwa hajui kuleta kichwa. Anafundishwa. Huyu *oldia* wako, umemfundisha afanye nini akiona mtu?"

"Nimekuwa nikimfundisha asiruke."

"Hicho si kitu cha kufanya," Mzee akasema.

Nilikaa kimya. Nimeandika programu zaidi ya miaka 15. Najua kwamba huwezi kuipa mashine amri ya "usifanye" ukaacha pengo. Ukiacha pengo, kitu fulani kitalijaza. Na bado sikuwahi kumpa huyu mbwa hata mstari mmoja wa kutekeleza.

Nikamuuliza kama atamchukua. Akasema atamchukua nikitaka, ila niwe na uhakika. "Hapa akimrukia mtoto atachapwa. Ataacha haraka. Ukitaka achapwe, mwache."

Niliwatazama mbwa wake wawili waliolala kivulini. Ni mbwa wazuri, wanaamka usiku fisi akiwa bado mbali. Lakini niliposogea, mmoja alijikunja na kufyata mkia. Namheshimu Mzee, na hapo sikukubaliana naye, na nadhani alilijua hilo kabla mimi sijalijua. Nikamrudisha Tux garini. Nilipofika nyumbani naye, mke wangu alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akasema: mwezi mmoja.

Safari hii sikununua chochote. Nilitundika daftari na penseli getini, na kila mtu aliyeingia, nikaandika mambo manne: nani, saa ngapi, aliruka au hakuruka, na *alipata nini*. Safu ya nne ndiyo nisingeifikiria kabla ya kumwona Mzee akigeuza bega. Baada ya wiki mbili nikaviingiza kwenye lahajedwali, nikavipanga kwa jina.

Kwa mke wangu alikuwa haruki karibu kamwe. Sikuwa nimegundua hilo. Huwa anaingia na mifuko mikononi, anapita moja kwa moja, hana muda. Kwa watoto aliruka kila mara, akapata mayowe na kukimbizana, yaani mchezo bora duniani. Kwa soja wa usiku aliruka, akapata kusukumwa kwa viganja viwili kifuani, ambako kwa mbwa mdogo ni mieleka, karibu tucheze.

Halafu jina langu. Siku nyingi nilimsukuma au nikamfokea, "Tux, shuka!", tena nikimtazama usoni. Lakini Ijumaa, nikirudi na nyama kutoka buchani, nimechoka na nina furaha, nilimwacha aniwekee miguu kifuani, nikamkuna masikio. Ilikuwa imeandikwa pale kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mara tano kati ya 24.

Mwanasaikolojia B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster walitoa mwaka 1957 kitabu kizima kuhusu jambo hili, wakiwa wamefanya kazi na njiwa hasa. Mnyama anayelipwa kila mara, ukiacha kumlipa, anaacha mapema. Mnyama anayelipwa mara moja moja, bila mpangilio anaoweza kuukisia, anaendelea kwa muda mrefu ajabu. Ndiyo siri ya mashine za kamari za sarafu. Mimi nilikuwa mashine ya kamari ya Tux. Kama ningemkumbatia kila siku, ingekuwa rahisi zaidi kumwachisha kuliko vile nilivyofanya. Wiki tatu nilikuwa nikitafuta hitilafu kwa mbwa, nayo iko kwa mtumiaji mwenye mamlaka yote ya mfumo.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Akiruka, unageuka kama Mzee: hakuna mkono, hakuna neno, hakuna jicho. Akiwa na miguu minne chini, papo hapo anapata kitu. Kisha unamfundisha kitu cha kufanya badala ya kuruka, ambacho hakiwezekani kwa pamoja na kuruka. Sisi tulichagua kukaa. Amri yetu ni "Kichwa!" Anakaa, anainua uso, anawekewa kiganja utosini. Malipo ni omena. Naomba niisifu omena kidogo: ni ndogo, ni kavu, gorogoro moja inakaa wiki nyingi, na kwa pua ya mbwa inanuka kama arusi. Zile biskuti za mbwa za supamaketi alizinusa akaondoka.

Unaanza ndani, nyumba ikiwa tulivu, mbwa akiwa ameshatembezwa na kuchoka kidogo. Unamfunga kamba kwenye nguzo, unamkaribia. Akiinuka, unarudi nyuma hatua mbili. Akikaa, unakuja. Kuja kwako ndiyo malipo. Mara kumi, basi, inatosha, dakika tano. Halafu mahali pengine, mtu mwingine, kwa sababu mbwa akijifunza jikoni amejifunza jikoni tu. Getini ni somo jipya kabisa.

Kuwafundisha watu ndiko kulikonimaliza. Mbwa alielewa kwa siku tatu. Watoto niliwaambia wakiona anakuja wawe miti: mikono imekunjwa, macho juu. Wakaupenda huo mchezo, kuwa mti na mbwa akikuzunguka. Soja alisema, kwa haki kabisa, kwamba yeye aliajiriwa kulinda siyo kusomesha mbwa, nikampa kopo lake la omena na siku ya pili nikamsikia akimwambia Tux "Kichwa, kijana wangu" kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu.

Na kuna jambo ambalo lingenishinda kama nisingekuwa nimelisoma. Siku ya tano hivi mambo yalikuwa *mabaya zaidi*. Tux aliruka juu zaidi, akabweka, akashika mkono wangu wa shati kwa meno. Mke wangu alinitazama tu. Hii ni kawaida: mlango uliokuwa ukifunguka kwa kugongwa usipofunguka, mtu hugonga kwa nguvu kabla ya kuondoka. Ukifungua hapo umemfundisha kwamba kiwango kipya ni kugonga kwa nguvu. Tulikaa kimya siku tatu, sote, tukiwa miti. Siku ya nane alikuja getini, akanitazama, na akakaa bila kuambiwa. Ilikuwa Ijumaa, nimeshika nyama.

Mama alikuwa akiyaona haya yote dirishani. Sikumwomba chochote. Jioni moja nilikuta kiti chake kimesogezwa hadi kwenye mlango wa vyuma wa baraza, ule wa nondo, nao umefungwa. Yeye ndani, Tux nje, kopo la omena mapajani, akilishika kwa mkono wa kushoto maana wa kulia bado ulikuwa kwenye plasta. Hakusema "Kichwa." Alisema, "Teksi, keti kama mgeni." Tux alikaa. Omena ikapita kati ya nondo. Alifanya hivyo kila jioni bila kutuambia, kwa uvumilivu ambao mimi sina, na hakuwahi hata mara moja kumlipa akiwa amesimama. Aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nadhani alikuwa amewahi kufundisha wabaya kuliko Tux.

Kwa jirani wa kanzu ilibidi tubuni kitu kingine, kwa kuwa yeye hataki kuguswa na mbwa kabisa na kiganja utosini hakipo kwenye mjadala. Tulimfundisha Tux kwamba geti likifunguliwa anakwenda kwenye gunia lake karibu na tangi na kubaki pale mpaka aitwe. Hilo lilichukua wiki sita zaidi. Nilimwendea jirani, nikamwomba radhi tena, nikamweleza. Alisikiliza. Siku hizi akipita hupunguza mwendo, hutazama kwenye gunia, husema "Haya, kijana," akaenda zake. Yuko umbali wa mita kumi na namwona bado anaishika kanzu kwa mkono mmoja. Ni haki yake.

Plasta ya mama ilitolewa mwishoni mwa Mei. Asubuhi moja Juni nilisikia mlango wa vyuma ukifunguliwa. Nilitaka kukimbia nje, nikajizuia, nikasimama nyuma ya pazia kama mwizi. Mama alishuka ngazi moja, akasimama. Tux alikuwa bustanini. Alimwona, akaja mbio, masikio nyuma, nami nikaacha kupumua. Hatua tatu kabla ya kumfikia, alikaa kwa kasi hata akateleza kwa makalio kwenye vumbi hadi kwenye ncha za viatu vyake. Mama akamwekea mkono kichwani, ule wa kulia, ambao bado haukunjiki vizuri. Kisha akaenda kuangalia sukuma zake, akaanza kulalamika kwa sauti kuhusu wadudu na kuhusu sisi.

Kile kikengele nimekifungua, ESP32 sasa inapima kiwango cha maji kwenye tangi, na kwa hilo inafaa sana.

Bado kuna mtu mmoja. Kijana wa bodaboda anayetuletea mtungi wa gesi anampenda Tux kupita kiasi. Nimemweleza mara tatu. Anacheka, anafungua mikono: "Wacha aruke, Mkubwa, mimi sina shida na mbwa." Tux anamrukia, wanakumbatiana, mtungi uko chini kwenye udongo. Huja mara moja kila wiki nne au tano, na siku hazifanani, yaani ndiyo ratiba mbaya kuliko zote. Nimemwekea kopo la omena juu ya nguzo ya geti na karatasi yenye jina lake. Mara ya mwisho alipokuja nilikuta kopo tupu, nikafurahi, mpaka soja aliponiambia kwamba amempa zote kwa mkupuo, mbwa akiwa begani.